Masale yenye ncha kavu: usikimbilie kumwagilia

Wiki iliyopita mama mmoja wa Usa River alikuja kitaluni kwangu na jani la isale (mmea wa jamii ya drasena; yakiwa mengi ni masale) amelifunga kwenye gazeti. Lilikuwa jani zuri, kijani kizito lenye mstari wa njano katikati, ila ncha yake kiasi cha sentimita 4 ilikuwa imekauka na kuwa kahawia. Kati ya pale palipokauka na pale palipo hai palikuwa na utepe mwembamba wa njano. Akaniambia, "Namwagilia asubuhi na jioni, mbona linazidi kuungua?"

Nikamuuliza maji anayatoa wapi. Kisimani.

Huku kwetu kuzunguka Mlima Meru, maji mengi ya visima na chemchemi yana madini ya floraidi kupita kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo hayohayo yanayotia meno yetu rangi ya kahawia. Na masale ni miongoni mwa mimea isiyoyavumilia kabisa. Mizizi huyanyonya pamoja na maji, yanapanda hadi kwenye jani, maji yanatoka kama mvuke, madini yanabaki. Hayarudi chini tena. Yanajikusanya nchani na kuua sehemu hiyo kidogokidogo, kwa hiyo kila ndoo ya ziada unayomwaga ni dozi nyingine ya kile kinacholiua jani. Kuyachemsha hakusaidii, maana maji hupungua na floraidi inabaki palepale.

Kiu haifanani na hivi. Isale lenye kiu hulegea jani zima. Lililozidiwa maji huoza shina: ukilibonyeza karibu na udongo linabonyea kama ndizi iliyoiva sana.

Nilimshauri akinge maji ya mvua kutoka kwenye bati na ayatunze kwa ajili ya masale tu, hasa yale ya kwenye vyungu, kwa sababu chungu hakina pa kupeleka madini. Amwagilie udongo wa juu ukishakauka, si kwa saa. Aache mbolea za supafosfeti, kwani nazo hubeba floraidi. Samadi iliyooza vizuri inatosha. Udongo ukiwa na tindikali, chokaa ya kilimo kidogo huifanya floraidi isinyonywe kwa urahisi. Majani yaliyokwisha kuungua hayaponi. Ukitaka yapendeze, kata ncha kwa mkasi mkali ukifuata umbo la jani, na uache uzi mwembamba wa kahawia; ukikata ndani ya kijani unafungua kidonda kipya.

Juu ya mwanga, haya ya mistari yapande chini ya mwembe au upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi. Jua la saa saba huyababua, na giza hufuta mistari.

Kuyazalisha ni rahisi mno. Kata shina vipande vya sentimita 15 hadi 20, viache kivulini siku moja utomvu ukauke, kisha uvipande upande wa chini ukiwa chini (weka alama mapema, maana vikishakatwa vinafanana). Kisiki usiking'oe. Chini ya pale ulipokata huchipuka machipukizi mawili au matatu, na hivyo ndivyo kichaka hunenepa.

Nayapenda masale kwa sababu nyingine pia. Kwetu uchaggani ndiyo mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na jani lake lililofungwa fundo ndilo hupelekwa kwa mtu uliyemkosea, na ni vigumu sana kulikataa. Nikiona ua wa masale umeungua ncha zote naumia.

Yule mama aliondoka na kipandikizi kimoja. Tanki la kukinga mvua alikuwa nalo tayari, alikuwa akilitumia kufulia.