Mambo ya uongo yenye batu banaamini juu ya kutembea mulimani na sakado

Miaka ya nyuma, mbele ya mulima kutapika tena ile tarehe 22 mwezi wa tano 2021, nilikuwa nabeba sakado (mifuko ya mugongo) za batu ku Nyiragongo, volkano ya hapa karibu na Goma, kutoka Kibati mpaka ku mudomo ya volkano. Sasa vijana bananiandikia, banataka kutembea siku mbili tatu porini na mizigo yao, na ni maneno yale yale yenye nilikuwa nasikia asubuhi pale Kibati. Usalama wa njia mutauliza wenyewe kwa bale banajua, mimi naongea paka ya miguu, mugongo na tumbo.

Banasema: hii ni michezo ya bazungu

Haya. Angalia mama mwenye anatoka shamba na gunia ya makala ku mugongo, kamba imepita ku paji, anapanda kilima, kisha anafika nyumbani anawasha moto anapika sombe. Ule nani atamufundisha randone, ni kusema kutembea mulimani? Sisi baporteri tulijifunza kwake: hatua fupi, mwendo moja, haongei kwa kupanda. Kitu kipya ni sakado tu, na inasaidia kweli juu mukaba wake wa kiuno unatoa uzito ku mabega unautuma ku nyonga, lakini utaona mutu anauachia unaning'inia kama pambo halafu jioni analia mabega.

Banasema: mwenye nguvu njo anafika wa kwanza

Kulikuwa kijana moja wa jimu, kifua kama mulango, alituacha wote ndani ya msitu, anakimbia kabisa. Tulimukuta amekaa ku mawe pembeni ya Shaheru, volkano ya zamani yenye iko ku ubavu wa Nyiragongo, kichwa kinamupasuka, anatapika, na mama moja muzee wa kizungu anamupita polepole anamwambia jambo. Tulicheka kidogo, tuseme ukweli.

Ule ugonjwa wa kupanda juu hauulizi misuli. Kuanzia mita 2,500 hivi unaweza kushika mutu yeyote, na mwenye anaharakisha njo unamushika mbio. Dawa yake ni kusimama, kupumzika, na kama inazidi, kushuka. Kumusukuma apande tena "atazoea" ni kumutafutia kifo.

Kama unataka kujua saa utafika, kuna hesabu ya Mscotland moja, Naismith, ya mwaka 1892: kilomita tano ni saa moja, na kila mita 600 za kupanda ongeza saa ingine. Kibati mpaka juu ni karibu mita 1,500 za kupanda, ku njia ya kilomita kama saba, piga hesabu utaona ni karibu masaa mane bila kupumzika, bila picha, bila kungoja mwenye anafunga kamba ya kiatu. Njo maana batu walikuwa banafanya masaa mane mpaka sita, na mwenye alikuwa anajisifu "mimi masaa mbili" tulikuwa tunamutazama tu.

Banasema: tuko karibu na ikweta, baridi gani?

Kila mita 1,000 unapanda, joto inashuka karibu digri 6 na nusu. Goma iko ku mita kama 1,500, juu ya mulima ni 3,470. Kwa hiyo toa digri 12 ao 13 ku ile baridi ya usiku ya hapa mjini, kisha ongeza upepo, kisha ongeza jasho yenye umelowa nayo. Njo maana jinzi ni adui: ikilowa haikauki, inakunyonya joto usiku muzima. Beba nguo kavu ya kulalia kwa mufuko wa plastiki na usiiguse mpaka ufike. Na kasiksi, ile pombe ya ndizi, haipashi mwili, unasikia moto ku ngozi juu damu imekuja inje, kumbe ndani njo unapoa.

Banasema: bila vifaa bya bei huwezi

Kule Marekani kuna njia moja, Appalachian Trail, karibu kilomita 3,500. Mwaka 1955 tate moja, Emma Gatewood, miaka 67, mama wa batoto 11, aliitembea yote peke yake na raba za kitambaa, mufuko alioshona mwenyewe, blanketi, na pazia ya plastiki ya bafu ya kujifunika mvua. Simwambii mutu aende vile, lakini ukiniambia huwezi kutembea juu huna sakado ya dola 300, nitakukumbusha ule tate. Chenye ni hatari zaidi ni biatu bipya bya kununua jana. Bivae wiki mbili kwa kwenda soko kwanza. Na ukisikia pahali kunawaka ku kisigino, simama pale pale ufunge, usingoje lengelenge.

Banasema: mayi tutakuta njiani

Ku mawe ya volkano? Ile mawe inakunywa mvua yote, hakuna kijito. Litre moja ni kilo moja, sasa utaona mutu anapunguza mayi asikie sakado nyepesi, halafu anabakisha bafle ya muziki.

Ku milima yenye iko na vijito, mayi meupe si mayi safi, nyama ilishapita pale juu. Chemsha, na ukiwa juu ya mita 2,000 iache itokote dakika tatu. Kule juu kabisa ya Nyiragongo mayi inatokota ku digri kama 88 tu, inaua vijidudu sawa, lakini usibebe maharagi makavu. Tulijaribu. Tulikula mawe.

Banasema: kushuka ni kupumzika

Muulize goti. Kata makucha ya miguu mbele ya safari, funga kamba vizuri, hatua fupi.

Banasema: mazuku utaisikia harufu

Apana. Mazuku ni gaz karboniki, haina harufu, haina rangi, na ni nzito kupita hewa, njo maana inajaza ku mashimo na ku bonde ndogo ndogo, sana sana usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Huku kwetu kati ya Goma na Sake tunakuta mbuzi na mbwa bamelala bamekufa bila kidonda. Wageni banapenda kusimika hema ndani ya shimo "upepo usitufikie". Mimi nikiona majani imekauka pahali pa chini, ao ndege mufu, naita batu bote tunapanda ku kilima, hata kama upepo utatupiga mpaka asubuhi na banitukane.