Kidonda Kisichouma: Maswali na Majibu kwa Wenye Kisukari Wanaotembea na Vikundi

Vikundi vya matembezi vimeshamiri hapa Morogoro. Majirani, watu wa ofisi moja, akina mama wa kikoba, wanajipangia Jumamosi moja kila mwezi: safari hii wanapanda Morningside kwenye milima ya Uluguru, mwezi ujao wanazunguka mitaa ya Kihonda hadi Msamvu, mwingine wanaelekea Bigwa. Ni jambo jema na sisi wa kliniki ya sukari tunalihimiza. Shida huja wiki mbili tatu baadaye, mtu anapoingia mguu umefungwa kitambaa, harufu imemtangulia mlangoni. Ukimuuliza ulianza lini, jibu ni lilelile: "Lilikuwa lengelenge tu la siku ya matembezi, Nesi. Wala halikuwa linauma."

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na wanavikundi.

Kisukari ni nini hasa?

Ni sukari kuzidi kwenye damu kwa sababu kongosho haitoi insulini (kichocheo kinachoshusha sukari) ya kutosha, au ipo lakini mwili hauitumii ipasavyo. Ukipimwa asubuhi kabla ya kula ukakutwa na 7.0 mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu) au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikawa hivyohivyo, unacho. Anayesema "mimi nina sukari kidogo tu" anajibembeleza. Twende miguuni.

Mwenye kisukari anaruhusiwa kupanda mlima?

Wengi wanaruhusiwa. Misuli ikifanya kazi inachota sukari kwenye damu, na hilo ndilo tunalotaka. Ila mara moja kwa mwezi haitoshi. Mtu mzima anashauriwa angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Anayekaa kitini mwezi mzima kisha akakurupuka kwenda Morningside, miguu yake haijazoea, na kinachomuumiza zaidi ni kurudi, si kupanda. Kwenye mteremko vidole vinasukumwa mbele ya kiatu kila hatua, saa nzima na zaidi.

Mwenye kidonda mguuni, au anayebanwa kifua akitembea, asiende. Aje kliniki kwanza.

Mbona lengelenge la mwenzangu linapona, langu linageuka kidonda?

Kisukari cha muda mrefu kinaharibu mishipa ya fahamu ya miguu, unakufa ganzi. Kinaziba pia mishipa ya damu, hivyo dawa ya asili ya mwili, ambayo ni damu yenyewe, haifiki vizuri. Mwenzako lengelenge likianza kumchoma anakaa juu ya jiwe, anavua kiatu, anaweka plasta. Wewe hiyo taarifa haikufikii. Unaendelea kushuka mlima juu ya lengelenge lililokwisha pasuka, unapiga picha, unacheka na wenzako. Nimewahi kumvua mtu soksi nikakuta kokoto la ukubwa wa punje ya hindi limezama kwenye unyayo. Alikuwa ametembea nalo, akapanda nalo bodaboda kurudi nyumbani, na aliyeshangaa kuliko wote ni yeye.

Lakini kama hakiumi, si ina maana ni kidogo?

Hapana. Naomba hili lisomwe mara mbili: kwa mwenye kisukari, kidonda kisichouma ndicho cha kukuwahisha hospitali. Hakiumi kwa sababu mguu umepoteza hisia, si kwa sababu kidonda ni kidogo. Kinaweza kuwa kimefika mfupani na bado ukalala usingizi mzuri.

Kwa hiyo usiulize kama kinauma. Tazama kwa macho. Kila jioni, na siku ya matembezi kabla hujakaa kula: juu ya mguu, chini ya unyayo, kisigino, katikati ya vidole. Huwezi kuinama, weka kioo sakafuni, au mwite mjukuu akuangalizie.

Nimekuta lengelenge jioni ya matembezi. Nifanye nini?

Usilitoboe. Osha mguu kwa maji safi na sabuni, kausha taratibu, funika kwa gozi safi ya kufungia vidonda, na usiukanyagie mguu huo zaidi ya lazima. Kesho yake asubuhi nenda kituo cha afya. Najua kesho yake ni Jumapili. Hospitali zina zamu Jumapili.

Sasa ya kutofanya, maana hapa ndipo watu wanapojiharibu. Msipasue kapsuli za rangi mbili na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Nimeshachoka kukwangua unga huo. Kapsuli imetengenezwa imezwe, tena kwa maelekezo. Ukiimwaga juu inagandamana na majimaji, inafanya gamba kavu, wewe unaona "kinakauka", kumbe usaha umefungiwa chini unatafuta njia ya kwenda ndani. Msiweke dawa ya mswaki, majivu wala mafuta ya taa. Na jamani, msikande mguu wenye ganzi kwa maji ya moto ya chumvi. Huhisi joto! Unatoka na lengelenge moja la matembezi na ngozi yote ya mguu iliyoungua.

Jirani yangu alikwenda na kidonda kidogo wakamkata kidole. Si bora nijitibie nyumbani?

Muulize jirani alikwenda lini. Hilo swali kwa kawaida halijibiwi.

Kidole hakikatwi kwa sababu umefika hospitali. Kinakatwa kwa sababu nyama imekwisha kufa, na ikiachwa itakwenda na mguu. Anayekuja siku ya kwanza au ya pili anasafishwa, anapewa dawa ikihitajika, anafundishwa kufunga kidonda na kupumzisha mguu, sukari inarekebishwa, anarudi kwake na vidole vyote. Anayekuja wiki ya tatu, baada ya unga wa kapsuli, mganga wa mtaa wa pili na maombi (sipingi maombi, ombeni mkiwa kwenye foleni), huyo tunajadili naye pa kukatia. Ni kidonda kilekile. Tofauti ni siku alizokaa nacho nyumbani akisubiri kianze kuuma.

Hakitauma. Nenda.

Ni dalili zipi za kwenda usiku huohuo?

Weusi, harufu, usaha, uvimbe unaopanda juu, homa au kutetemeka kwa baridi, au sukari kupanda bila sababu unayoijua. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa miguu yote miwili kwa mgongo wa kiganja. Mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, kuna jambo. Na mguu ukiwa umevimba na una joto bila kidonda chochote, usiukanyagie kabisa: mifupa inaweza kuwa inavunjika nawe huna habari.

Nivae viatu gani?

Si kandambili, si yeboyebo, na si raba mpya zilizonunuliwa jana ili zifanane na fulana za kikundi. Kiatu kipya kizoeshwe nyumbani, saa moja moja kwa siku. Nunua jioni, mguu ukiwa umetanuka, na pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Mitumba si dhambi, lakini kataa iliyolika upande mmoja. Kila unapovaa, kung'uta kiatu na upitishe mkono ndani.

Soksi ziwe za pamba, zisizobana, na nyeupe. Watu wanalalamika kuwa nyeupe zinachafuka. Ndiyo maana nazitaka: doa la damu au majimaji litaonekana. Kiongozi wa kikundi asimamishe watu kila baada ya saa moja, wenye sukari wavue viatu na kutazama. Anayecheka hilo abaki nyuma na abebe maji.

Sukari ikishuka njiani?

Hii inawahusu zaidi wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi. Mtu anatetemeka, anatoka jasho jingi, anapata njaa ya ghafla au anajibu hovyo; ukipima sukari iko chini ya 4 mmol/L. Mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15, kama bado, rudia. Akipata nafuu ale ndizi au mkate. Aliyezimia msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Na msije matembezini na njaa baada ya kuchoma insulini ati zoezi lifanye kazi vizuri. Wala msimalize na chipsi mayai na soda mbili kila mtu, nimewaona.

Kidonda kimepona. Nirudi lini kwenye kikundi?

Kliniki ikikuruhusu, si ngozi ikifunga. Ngozi mpya ni laini na mahali palepale ndipo hupasuka tena. Anza na dakika 10 kwenye tambarare, vua, tazama, gusa, kisha tazama tena kesho yake kabla ya kuongeza. Matembezi ya mitaani yatangulie. Kuhusu Morningside, siku ya kliniki njoo na kiatu chenyewe unachotaka kupandia, tukikague.