Kufuzu: neno linalotwishwa mizigo ya Twiga Stars

Kufuzu ni kupita mchujo na kupata haki ya kucheza mashindano fulani. Basi. Lakini kila Twiga Stars, timu ya taifa ya soka ya wanawake ya Tanzania, inapofanya vizuri, neno hili hupachikwa popote: imefuzu CECAFA (mashindano ya Afrika Mashariki na Kati), imefuzu fainali, imefuzu Kombe la Dunia.

Asili yake ni Kiarabu: faza, kushinda au kufanikiwa. Umbo lake la wakati uliopo ni yafuzu, na ndilo Kiswahili kilichota, ndiyo maana kitenzi chetu kinaishia na u. Akina Fauzia na Faiza wamepata majina yao kwenye mzizi huohuo. Halina udugu na kuhitimu, lililotokana na khatama, kumaliza, pamoja na hitima. Aliyehitimu amefika mwisho. Aliyefuzu ameshinda kitu.

Kitu gani? Hapo ndipo watu wanapojikwaa. Shuleni tunasema "amefuzu mtihani", na mtihani uko nyuma yake. Kwenye soka tunasema "imefuzu WAFCON", yaani Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake, na WAFCON bado iko mbele. Timu ilichoshinda ni mchujo, nao hautajwi. Sentensi kamili ingekuwa "imefuzu mchujo, itacheza WAFCON", ila kichwa cha habari hakina nafasi hiyo.

Tazama Desemba 2023. Twiga Stars ilikuwa imeichapa Togo 3-0 nyumbani, ikaenda Lomé ikafungwa 2-0, na jioni hiyohiyo ya kufungwa ikafuzu, kwa jumla ya mabao 3-2. Mashindano yenyewe, WAFCON 2024, yalichezwa Moroko Julai 2025, miezi 19 baadaye (ndiyo, mwaka wa jina na mwaka wa kuchezwa havikulingana). Huko ilifungwa 1-0 na Mali, ikatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, ikafungwa 4-1 na Ghana, safari ikaishia makundi. Ile pointi moja ilikuwa ya kwanza kwake katika ngazi hiyo, kwani mwaka 2010 kule Afrika Kusini ilipoteza mechi zote tatu. Ukichanganya matokeo ya Togo na haya ya Moroko kwenye safu moja, umeipa timu ushindi ambao haikuupata WAFCON. Mechi za kufuzu ni za ushindani, hazina urafiki wowote, lakini huandikwa kwenye jedwali la peke yake, la mchujo.

Kwenye jedwali hilohilo, "haikufuzu" ni timu iliyoingia mchujo ikatolewa. "Haikushiriki" ni ile ambayo haikuingia kabisa. Watu huziandika kama vile ni kitu kimoja, na timu iliyopigana hadi dakika ya mwisho inaonekana sawa na iliyobaki nyumbani.

Kisha kuna fainali. "Fainali za WAFCON" ni mashindano mazima, tangu mechi ya kwanza ya makundi. "Fainali ya WAFCON" ni mechi moja, kama ile Nigeria iliyoifunga Moroko 3-2 Julai 2025. Herufi moja tu, y na z, na timu iliyotolewa makundi inageuka mshindi wa pili wa Afrika! Twiga Stars imecheza "fainali za". "Fainali ya" ilikuwa haijaigusa hadi mwaka huo.

CECAFA na COSAFA (mashindano ya kusini mwa Afrika) ndiko neno linakoharibika zaidi, maana huko hakuna mchujo wa kufuzu. Chama cha soka cha nchi kinathibitisha kushiriki, au timu inaalikwa. Mwaka 2021 Tanzania ilikwenda COSAFA kama mgeni, kwa kuwa si ukanda wake, ikaifunga Malawi 1-0 kwenye fainali na kubeba kombe. Haikufuzu, ilialikwa, na ubingwa wake haupungui hata chembe. Kinyume chake ni Uganda: ilipata tiketi ya WAFCON 2022 baada ya Kenya kujiondoa, hivyo raundi ya mwisho ya mchujo haikuicheza. Hiyo ni kufuzu halali, ingawa mzizi wa neno ungelalamika kidogo.

Kuhusu Kombe la Dunia: waliokwenda India 2022 na kufika robo fainali, wakatolewa na Colombia 3-0, ni Serengeti Girls, timu ya chini ya miaka 17. Njia ya wakubwa ni nyingine. Kwa Kombe la Dunia la 2023, tiketi za moja kwa moja zilikwenda kwa timu nne zilizofika nusu fainali ya WAFCON 2022, yaani fainali za Afrika zenyewe zilikuwa mchujo wa mashindano mengine.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, "Twiga Stars yafuzu fainali" ongezea tu "za WAFCON". Na ikienda CECAFA, andika "kushiriki".