Namba E si cheti cha kuzaliwa

Jumamosi, saa mbili asubuhi, simu kutoka Njombe: "Kamwene, fundi. Nimepata IST kali, namba E, haijachoka hata kidogo. Nitume hela?" Nikamuuliza ni ya mwaka gani. "Si nimekwambia namba E?"

Huyo ni wa nne mwezi huu. Hela yenyewe ni ya viazi, msimu mzima wa kuinama shambani, na anataka kuirusha Dar kwa sababu ya herufi moja kwenye pleti, akidhani E maana yake gari jipya. Basi leo sishiki spana mpaka nimalize kuandika hili.

Pleti inakwambia gari liliingia lini kwenye vitabu vya TRA, mamlaka ya mapato. Basi. Namba zinatoka kwa foleni: A zikaisha, zikaja B, C, D, sasa E. Anayefika leo anapewa inayofuata, awe na gari la juzi au la enzi za Mkapa. Mtu akibatizwa na miaka arobaini, cheti cha ubatizo hakimgeuzi kichanga.

Chukua hiyo IST, ile ya umbo la kwanza, yenye kodi ya modeli NCP60 au NCP61. Toyota walianza kuiuza Japani 2002, na 2007 wakaleta umbo jipya. Kwa hiyo ya umbo lile, hata ikifungwa pleti kesho asubuhi, umri wake unajulikana, na hesabu hiyo haihitaji fundi. TRA hao hao wanaotoa namba wanatoza ushuru wa uchakavu gari likipita miaka 8, likipita 10 unauma zaidi, na wanahesabu tangu lilipotengenezwa. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya usajili wa gari. Ombeni kadi, jamani! Dalali anawatumia picha kumi na mbili, nne za redio, ya kadi hamna, na bado mnauliza namba ya kutumia hela.

Wanaojua kidogo hukimbilia kilometa, na hapo ndipo damu inanichemka. "Sawa, ni ya 2004, lakini imetembea 61,000 tu." Juzi nilifungua mlango wa dereva wa gari la namna hiyo. Kwenye fremu, chini kidogo ya komeo, kulikuwa na kikaratasi cha kumwaga oili, kimepauka, maandishi ya Kijapani. Kijapani sisomi, ila tarakimu ni tarakimu: 24, 6, halafu 98,400. Hiyo 24 ni mwaka wa Heisei, kalenda ya Wajapani. Jumlisha 1988, unapata 2012. Yaani mwezi wa sita 2012 gari lilikuwa limeshakata kilometa 98,400, leo dashibodi inasoma 61,000. Labda lilikuja kinyumenyume. Muuzaji alikuwa amepiga polishi mpaka tairi, kikaratasi akakisahau. Mwenye gari alinyamaza, akakisugua kwa kidole gumba kama anayetaka kitoke.

Angalieni pia raba ya pedali ya breki, na vuteni mkanda wa siti mpaka mwisho, lebo yake mara nyingi ina tarehe. Tarakimu nne za tairi ni wiki na mwaka wa tairi, si wa gari, tusianze tena.

Halafu kuna hardtop za mnada. Gari la serikali likiuzwa kwa mtu binafsi linavuliwa pleti zake na kupewa namba ya kiraia ya siku hiyo. Ndiyo hivyo unaona Land Cruiser namba E iliyopanda mlima Kitonga mara nyingi kuliko basi. Sisemi ni baya, mengine yalipata sevisi nzuri kuliko gari langu. Ila usililipe kama limeshuka melini jana.

Sasa niseme na yanayonitatiza. Namba ina bei sokoni. Ukinunua D leo, siku ya kuiuza utakutana na mnunuzi mwenye imani hiyo hiyo, atakukaba. Mteja akiniambia, "Fundi, najua, ila naangalia kuja kuuza," sina la kumjibu.

La pili: IST mbili za 2004. Moja iko hapa tangu 2016, namba D; nyingine ilibaki Japani mpaka juzi, namba E. Ipi imechoka? Zamani ningejibu bila kupepesa macho. Ya hapa imekula vumbi na makorongo, bushi na shokapu zimebadilishwa sijui mara ngapi. Lakini nimeshanyanyua kwa jeki zilizofika juzi nikakuta chini kumeliwa kutu, maana Japani ya kaskazini, kwenye theluji, wanamwaga chumvi barabarani. Ya hapa angalau utampata aliyekuwa nayo, hata fundi wake, umuulize. Siku hizi naegemea D yenye watu wa kuulizwa. Sijaapa.

Yule wa Njombe nimemwambia asitume hata mia mpaka aone kadi, na fundi aione gari ikiwa imenyanyuliwa. Amenuna. Atapiga tena.

Mlioko Mbeya, leteni gari saa moja asubuhi, bila kulipasha. Baridi ya hapa mwezi wa sita haimwonei mtu haya: injini iliyochoka inawaka na moshi wa bluu, giaboksi inachelewa kuingia, bushi zinalia kwenye tuta la kwanza. Madalali wanalijua hilo, ndiyo maana mnalikuta gari limeshaunguruma kitambo, linawasubiri na joto lake. Mimi naanza kwa kushika boneti. Likiwa la moto, tunazima, tunaagiza chai na maandazi, tunasubiri lipoe.