Njia za mkato kwenye kuchati: yanayosemwa na ukweli wake

Anayejibu maswali yaleyale kutwa kwenye simu hufika mahali akauliza kama hakuna namna ya kugusa herufi mbili tatu, sentensi nzima ikajitokeza. Namna ipo, tena si moja, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Kuna kifupisho kinachokaa kwenye kibodi, kuna kinachokaa ndani ya programu ya kuchati, na kuna mambo ya sauti, ambayo yana taratibu zake kabisa. Vyote huitwa njia za mkato. Malalamiko mengi ninayoyasikia (vimepotea, havifanyi kazi kwenye kompyuta, vimeniandikia mambo ya ajabu) huisha mtu akishajua tu kifupisho chake kinakaa wapi.

"WhatsApp yangu haina vifupisho, basi siwezi"

WhatsApp ya kawaida kweli haina. Lakini kibodi unayochapia inavyo, na kibodi ndiyo iliyo kati ya kidole chako na programu yoyote ile. Kifupisho ulichokiweka huko kitafanya kazi WhatsApp, Telegram, Signal, kwenye SMS na kwenye barua pepe, bila programu hizo kujua kwamba kipo.

Kwenye iPhone, fungua mipangilio, ingia sehemu ya jumla, kisha kibodi. Utakuta mahali pa kubadilishia maandishi. Unajaza nafasi mbili, moja ya maneno kamili na nyingine ya kifupisho chake. Kwenye Android yenye kibodi ya Gboard, fungua mipangilio ya kibodi, ingia kwenye kamusi, halafu kamusi binafsi, chagua lugha, gusa alama ya kujumlisha. Hapo kwenye kuchagua lugha pana mtego. Orodha hupangwa kwa lugha, kwa hiyo kifupisho ulichokiweka chini ya Kiingereza unaweza kukikosa siku unapochapa kwa Kiswahili. Kwa wanaochanganya lugha kila siku, yaani karibu sote, kiweke chini ya lugha zote.

Tofauti nyingine inawasumbua sana wanaohama simu. iPhone hubadilisha maneno yenyewe mara tu unapogusa kitufe cha nafasi. Gboard hukuonyesha maneno hayo kwenye mstari wa mapendekezo juu ya herufi, nawe ndiye wa kuyagusa. Mtu aliyezoea iPhone anachapa kifupisho chake, anagusa nafasi, anasubiri, haoni kitu, anahitimisha kwamba hakikuhifadhiwa. Kimehifadhiwa, ila kinasubiri kidole chake.

"Kikiwa kifupi zaidi ndiyo bora"

Hili ndilo linaloharibu meseji nyingi kuliko mengine yote. Chukua mtu aliyeamua kwamba "na" imwandikie namba yake ya akaunti, kwa kuwa ndiyo herufi za kwanza za neno namba. Jioni anamwandikia mkewe "Nakuja na mama", na kwenye iPhone yake inatoka: "Nakuja Namba ya akaunti yangu ni hii hapa mama". Kosa si la simu. Imeambiwa kila ikiona "na" iliyosimama peke yake iibadilishe, na katika Kiswahili "na" husimama peke yake karibu kila sentensi. Vivyo hivyo "ni", "si", "wa", "ya", "la", "kwa". Wenzetu wa lugha nyingine wanashauriwa kutumia silabi ya kwanza ya neno. Sisi ushauri huo hautufai, kwa sababu silabi zetu nyingi ni maneno kamili.

Hata vifupi vya mazoea vina wenyewe tayari. "Km" watu huandika wakimaanisha kama, "ww" ni wewe, "cku" ni siku. Ukikipa kifupi cha namna hiyo kazi ya pili, vitagongana.

Tunachowazidi wenzetu ni kwamba alfabeti ya Kiswahili haina q wala x. Herufi hizo mbili zimekaa kwenye kibodi bila kazi, na hakuna neno letu linaloanza nazo. Anza kila kifupisho na q: "qakt" kwa akaunti, "qanw" kwa anwani, "qsal" kwa salamu ndefu ya wateja. Nasema q kwanza kwa sababu x tayari ina wenyewe, vijana wanaoandika "xaxa" na "xawa". Faida ya ziada ni kumbukumbu. Vifupisho vyote vikianza na herufi moja, huhangaiki kukumbuka kila kimoja kilianzaje.

"Mpokeaji ataona nimetumia mkato"

Haoni. Maneno hufunguka kwenye kisanduku cha kuandikia kabla hujatuma, na kinachoondoka ni sentensi kamili kama uliyoichapa herufi kwa herufi. Kwa sababu hiyohiyo usimbaji, yaani kuufunga ujumbe ili asiyehusika asiusome, hauguswi. Mazungumzo ya WhatsApp, yaliyosimbwa kutoka mwisho hadi mwisho tangu 2016, yanabaki vilevile, na ya kawaida ya Telegram, ambayo hayasimbwi kwa namna hiyo isipokuwa ukifungua mazungumzo ya siri, nayo yanabaki yalivyo. Kitakachokuumbua ni kuwatumia marafiki watatu salamu ileile wakiwa wamekaa meza moja.

"Basi niweke na nywila humo, nisihangaike"

Hapana. Kamusi binafsi si sanduku la siri. Yeyote aliyeishika simu yako ikiwa wazi anaweza kuifungua akaisoma kama daftari, na kwenye vifaa vya Apple orodha hiyo husafiri kupitia iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, hadi kwenye kompyuta na tableti zako nyingine. Namba ya akaunti unayowapa watu kila siku, sawa. Nywila na namba za siri, hata kwa utani usiziweke.

Katika hilohilo, ukisakinisha kibodi kutoka nje, Android hukuonya kwamba kibodi hiyo inaweza kukusanya kila unachochapa, zikiwemo nywila na namba za kadi. Watu huligusa onyo hilo lipite kama tangazo. Kibodi inayojisifu kwa mamia ya vifupisho na rangi za kupendeza bado inasoma kila herufi yako, kwa hiyo angalia kwanza imetengenezwa na nani.

"Majibu ya haraka yanajituma yenyewe"

Tumehama kibodi, sasa tupo ndani ya programu. WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018 na isiyolipiwa kuipakua, ina majibu ya haraka. Ukichapa alama ya mkwaju (/) kwenye kisanduku cha kuandikia, orodha yako inatokea. Unachagua, jibu linajaa, unalirekebisha ukitaka, kisha unatuma mwenyewe. Nafasi zipo 50. Usipogusa kitufe cha kutuma, hakuna kinachokwenda popote.

Yanayojituma yapo, ila ni mengine, na watu huyachanganya na haya. Ujumbe wa salamu humwendea mtu anayekuandikia kwa mara ya kwanza, au aliyekaa kimya kwa siku 14. Ujumbe wa kutokuwepo hujituma katika muda ulioupanga wewe. Mfanyabiashara anayeandika majibu ya haraka 20 akalala akidhani wateja watahudumiwa usiku kucha, asubuhi atakuta maswali yamerundikana.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui, nalo linafanya kazi hata kwenye vifupisho vya kibodi. Ukihifadhi neno likiwa katikati ya nyota, kwa mfano *Ijumaa*, litatokea limekolezwa wino kwa anayelipokea kwenye WhatsApp. Mistari ya chini (_) kila upande huleta mlazo, yaani herufi zilizoinama. Ukiweka alama hizo mara moja kwenye jibu lililohifadhiwa, zitatoka hivyo kila siku.

Telegram ilileta huduma yake ya biashara Machi 2024 kwa wenye usajili wa kulipia. Majibu yake ya haraka yanabeba maandishi yenye mapambo, viungo, stika na mafaili.

"Vifupisho vizuri vipo kwenye WhatsApp zile zilizoongezewa vitu"

Programu zilizochezewa huahidi majibu ya kujituma, vifupisho vya kila aina na mandhari ya rangi. WhatsApp haizitambui, na anayezitumia anaweza kufungiwa akaunti yake. Kwa kazi ambayo kibodi ya simu yako inaifanya bure, sioni sababu ya kuiweka namba yako rehani.

"Sauti nayo nitaiwekea kifupisho, ni vilevile tu"

Hapa ndipo pagumu, kwa sababu sauti haifunguki kutoka herufi mbili. Sauti ni faili. Ama unalituma faili lenyewe, ama unaiambia programu ya mwenzako ipige faili ambalo tayari analo.

Njia hiyo ya pili ina historia ya kuchekesha. Kwenye IRC, mfumo wa kuchati uliobuniwa na Jarkko Oikarinen nchini Ufini mwaka 1988, watu waliutumia sana mIRC, programu ya Windows iliyotoka mwaka 1995. Ndani yake uliweza kukipa kitufe cha F2 salamu nzima, na kulikuwa na amri ya kupiga sauti: unaandika jina la faili, chumba kizima kinasikia mlango ukigongwa au mtu akicheka. Ila kilichosafiri kilikuwa jina la faili tu. Asiyekuwa na faili hilo kwenye kompyuta yake hakusikia lolote, akabaki akishangaa wenzake wanacheka nini. Watu walianza kuombana mafaili ili nao wasikie.

Wazo hilo bado linaishi vichwani. Wapo wanaochagua mlio maalumu kwa ajili ya mtu fulani kwenye WhatsApp, wakiamini kwamba yeye ndiye atakayeusikia. Mlio unaomchagulia mtu unakaa kwenye simu yako, na unakusaidia wewe kujua ni nani amekuandikia kabla hujaitoa simu mfukoni. Simu yake yeye italia kama alivyoipanga mwenyewe.

Basi mkato wa sauti unapatikanaje? Rekodi mara moja, hifadhi, sambaza. Kwenye WhatsApp unaweza kujiandikia mwenyewe tangu mwishoni mwa 2022. Rekodi humo maelezo yako ya njia au ya utaratibu wa kazi, pumua, rudia mpaka yatulie, kisha uyabandike nyota ili yasizame. Mtu akiuliza, shikilia ujumbe huo, gusa kusambaza, umemaliza. Telegram ina sehemu yake ya ujumbe uliohifadhiwa, na kabla ya kusambaza inakuwezesha kuficha jina la aliyeutuma mwanzo. Sauti uliyoitoa kwa mtu mwingine ni habari tofauti. WhatsApp huiwekea lebo ya kwamba imesambazwa, na kwa mkupuo mmoja huwezi kuipeleka kwenye mazungumzo zaidi ya matano. Ikiwa imeshazunguka sana, ni moja tu.

Ushauri wangu ni kwamba usitaje jina la mtu wala "habari za asubuhi" kwenye rekodi ya kurudiarudia. Salamu ya asubuhi ikimfikia mtu saa mbili usiku, atajua mara moja kwamba hukuirekodi kwa ajili yake. Jina na salamu viandike kwa kifupisho cha kibodi, kisha sauti ifuate.

Anayetaka vitufe vya sauti vya kweli, vile vya kubonyeza kila mtu akasikia kicheko au makofi palepale, aende Discord, programu ya kuchati kwa maandishi na kwa sauti. Ubao wake wa sauti hupokea vipande visivyozidi sekunde 5.2, na huchezwa ndani ya chumba cha mazungumzo ya sauti, watu wakiwa wameunganishwa. Aliyeingia baadaye ameshakosa, kwa kuwa haibaki kama ujumbe wa sauti.

"Kuiambia simu iandike ni sawa na kutuma ujumbe wa sauti"

Vipaza sauti viwili kwenye skrini moja ndivyo vinavyoleta mkorogano huu. Kile cha programu ya kuchati kinarekodi sauti yako na kuituma. Kile cha kibodi kinasikiliza na kuandika. Mpokeaji anapata maandishi, wala hasikii ulivyokuwa unahema ukipanda ngazi. Google iliongeza Kiswahili, cha Kenya na cha Tanzania, kwenye uandishi wa sauti mwaka 2017. Majina ya watu bado huyavuruga, na alama za vituo mara nyingi utaziweka mwenyewe, kwa hiyo soma kabla ya kutuma. Lakini kwa kutengeneza vifupisho virefu ni njia nzuri sana: ongea aya yako kama unavyomweleza mtu, irekebishe, inakili, ibandike kwenye kamusi binafsi chini ya "qmae" au jina lolote ulipendalo.