Mkatoliki haokolewi kwa matendo yake
Utasikia mara nyingi: Mlutheri huokolewa kwa imani, Mkatoliki kwa matendo. Si kweli, na inauma kuona majirani wakihukumiana kwa hilo. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ule ule uliompinga Luther, ulitamka mwaka 1547 kwamba hakuna kinachotangulia kuhesabiwa haki (kukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki), iwe imani au matendo, kinachostahili neema hiyo. Na tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja: Mungu hutupokea kwa neema tu, naye hutuwezesha kutenda mema. Tofauti zimebaki, hasa kuhusu stahili, yaani kama matendo mema yanastahili thawabu mbele za Mungu. Ila anayenukuu Waefeso 2:8-9, kwamba tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, si kwa matendo, asiishie hapo. Aya ya 10 inasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema.