Udongo Kwanza, Matuta Baadaye: Kuandaa Uwanja wa Mbio za Magari ya Rimoti

Karibu wote wanaoniomba ushauri kuhusu kujenga uwanja wa mbio za magari ya rimoti huja na mchoro wa matuta ya kurukia. Mimi huwaomba kwanza udongo wa kiwanja chenyewe, kwa kuwa udongo ndio unaoamua tuta litasimama kwa muda gani, kona itashika vipi, na mvua kubwa ikipita kitabaki uwanja au kitabaki kidimbwi. Ninayoyaeleza hapa yanahusu hasa magari ya kipimo cha 1/8, yaani yaliyopunguzwa mara nane kutoka gari halisi, ambayo yana uzito wa zaidi ya kilo 3 na huichimba njia kuliko yale madogo ya kipimo cha 1/10.

Kipimo cha kuanzia hakihitaji maabara. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi, chota udongo wa chini yake ujaze theluthi moja ya chupa inayoonyesha ndani, ongeza maji na sabuni ya unga kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha iache chupa itulie. Mchanga hutua katika dakika moja hivi, tope laini huchukua saa chache, na mfinyanzi, ambao chembe zake hazifiki milimita 0.002, huweza kuelea siku nzima au zaidi. Mfinyanzi ndio gundi ya uwanja: ukiwa kidogo mno, tuta humomonyoka kabla fainali hazijaanza, ukizidi, njia huteleza ikilowa na hupasuka ikikauka. Mimi hutafuta udongo ambao mfinyanzi wake ni kati ya robo na theluthi ya udongo wote uliotua chupani, na sehemu kubwa ya uliobaki ni mchanga.

Hata hivyo, wingi wa mfinyanzi hautoshi kuuhukumu udongo, kwa sababu mfinyanzi wenyewe hutofautiana tabia. Udongo mwekundu wa Kiambu au wa miteremko ya Kilimanjaro una mfinyanzi mwingi, lakini ni wa aina isiyovimba sana, kwa hiyo ukichanganywa na mchanga hutulia na kushindiliwa vizuri. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa tambarare za Athi, hufyonza maji ukavimba, na kiangazi kikifika husinyaa na kufanya nyufa zinazoweza kunasa gurudumu. Mwenye kiwanja cha namna hiyo namshauri aagize malori ya udongo mwekundu kabla ya kununua kitu kingine chochote, na tabaka lake liwe nene, kwa kuwa ule mweusi ulio chini hautaacha kutembea. Huko Ulaya viwanja vingi vya magari ya 1/10 vimehamia kwenye zulia na nyasi bandia ili kukwepa shida hizi. Ninawaelewa, lakini kwangu mimi udongo unaobadilika kati ya asubuhi na jioni ndio unaompima dereva.

Kushindilia ndiko kunakopuuzwa zaidi. Fumbata udongo mkononi, kisha uache udondoke kutoka usawa wa kiuno: ukivunjika vipande vichache, unyevu wake unafaa, ukisambaratika kama vumbi, uongeze maji, ukibandika chini kama uji, usubiri. Tuta lijengwe kwa matabaka ya sentimita 10 hadi 15, kila tabaka likishindiliwa kabla ya lingine kuwekwa, kwa sababu tuta lililomwagwa kwa mara moja na kupigwapigwa juu huwa na ganda gumu na moyo laini, na ganda hilo likitoboka mahali pa kutua hakuna kiraka kitakachodumu.

Njia iliyoshindiliwa vema huanza kung'aa na kuwa nyeusi kadiri mpira wa matairi unavyoipaka, na hapo tairi lenye kashata (vinundu vya uso wa tairi) fupi, au hata kipara, hushika kuliko lenye kashata ndefu, ambazo kazi yake ni kwenye udongo mlegevu. Ili unyevu usitoroke, wapo wanaonyunyizia kloridi ya kalsiamu, chumvi inayovuta maji kutoka hewani. Inafanya kazi, ila inakula beringi na skrubu, na mimi siitumii pasipo na ulazima. Maji ya sukari pia hugandisha uso wa njia, lakini yanafaa chini ya paa tu, maana mvua huyaosha yote.

Sasa matuta. Gari hupunguzwa mara nane, lakini nguvu ya uvutano haipunguzwi, na hapo ndipo wachoraji wengi wanapokosea. Ukiacha upinzani wa hewa, gari linaloondoka kwa mita 10 kwa sekunde kwenye mwinuko wa nyuzi 20 hutua umbali wa takriban mita 6.5 likiwa limepanda sentimita 60. Mwinuko ukiwa nyuzi 30, umbali unakuwa mita 8.8, lakini kimo kinapita mita 1.25. Umbali umeongezeka kwa theluthi tu, ilhali kimo kimezidi mara mbili, na kimo ndicho kinachovunja mikono ya gari inayoshika magurudumu na kupinda mihimili ya shokapu. Kwa hiyo napenda mwinuko wa wastani, na mteremko wa kutua wenye pembe inayokaribiana na ule wa kuondokea. Kwa uwanja wa wanaoanza, tuta lenye mgongo bapa ni bora kuliko matuta mawili yenye pengo katikati, kwa kuwa anayeruka pungufu hutua juu ya udongo na kuendelea na mbio.

Kona zenye ukingo ulioinuliwa nje huongeza mwendo, lakini zikizidi huondoa haja ya kufunga breki, basi ninaziweka chache na kuziacha nyingine bapa. Kila ukingo hukusanya maji upande wake wa ndani, kwa hiyo mfereji au bomba la kuyatoa lichimbwe kabla ukingo haujajengwa. Kiwanja kizima kipewe mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ukipimwa kwa kamba na pimamaji, na maji ya kulowesha njia yamwagwe jioni ya kuamkia mbio, taratibu, mpaka yazame.